Pikipiki Nzima Juu ya Pikapu

Omani mtu haruhusiwi kusimama. Sheria haisemi hivyo, na polisi hawana habari, lakini jaribu uone. Ukiwa na gari, sawa, watakupungia mkono na kupita. Ukiwa na pikipiki, tena ya mbio, ya kijani, ya kuinamia kama unatafuta sindano iliyoanguka, ukisimama kando ya barabara hata kufuta jasho tu, basi umeshaharibikiwa. Atatokea mtu. Atashuka na chupa ya maji na kamba, na kabla hujamaliza kumweleza kwamba wewe mzima na pikipiki nzima, atakuwa amekwisha kukupakia.

Mimi naitwa Vuai, mtu wa Jang'ombe, Unguja, fundi wa lifti mjini Ibra. Najua mnachotaka kuuliza: Ibra ina lifti ngapi? Chache, na zote huharibika siku moja. Pikipiki niliinunua kwa sababu katika nchi yenye barabara nyeusi zilizonyooka mpaka macho yanachoka, kuendesha kigari cha kampuni naona ni kukufuru neema. Wenzangu kazini waliniambia nina wazimu, kiangazi kikija nitapikwa ndani ya kofia. Joto walinionya. Wema hawakunionya. Sur nimefika mara mbili, na mara zote mbili pikipiki imeingia mjini imelala ubavu, ya kwanza juu ya gari la samaki, ya pili juu ya gari la majani ya ngamia. Nilikuwa nimesimama kupiga picha.

Hayo nilikuwa nikiyasimulia huku nacheka. Alhamisi hii ninayoisema sikucheka, kwa sababu nilikuwa naenda Nizwa kumposa Shurooq.

Shurooq anasomesha hesabu Ibra, na kwao ni Nizwa. Tulijuana siku nilipomtoa ndani ya lifti iliyokwama, akatoka akinigombeza kwa Kiswahili safi kana kwamba mimi ndiye niliyemfungia. Baba yake, Mzee Harub, alizaliwa Malindi, Unguja, akaja Maskati kijana, akafanya kazi wizarani mpaka akastaafu. Nyumbani kwao Kiarabu ni cha wageni, Kiswahili ni cha kugombana na kusameheana. Mzee alimtuma binti yake masharti mawili. La kwanza, nije na watu wangu, maana binti haposwi na mtu mmoja aliyekuja kama anayenunua vocha dukani. La pili, amesikia kuna Mzanzibari Ibra anayepanda pikipiki ya mbio. "Kama ndiye yeye," alisema, "asijisumbue kuja."

"Na ndiye wewe," Shurooq akaniambia. "Ukiulizwa, useme. Mimi sianzi ndoa kwa uwongo."

"Na baba akikataa?"

"Akikataa atakuwa amemkataa mkweli."

Kwake yeye ilikuwa rahisi. Mimi nilikuwa nampenda mpaka usingizi umenihama, na mkweli aliyekataliwa analala peke yake sawasawa na mwongo.

Kuhusu watu, baba yangu alikwisha kufa, lakini ndugu yake, Ami Silima, alikuwa aje kutoka Unguja kunisemea. Asubuhi ile ile akanipigia simu analia: sukari imempanda, daktari amemkataza ndege. Wenzangu wa kampuni walikuwa wametawanyika, huyu likizo, huyu kazini Duqm. Kuahirisha hakuwezekani, kwa sababu kulikuwa na binamu wa Shurooq. Binamu alikuwa anakuja kuposa kesho yake baada ya sala ya Ijumaa, na binamu hakosi watu. Na kigari cha kampuni, siku niliyokihitaji kwa mara ya kwanza maishani, kiko gereji.

Basi nikaweka kanzu na kofia ya kushonwa ndani ya begi, nikapanda pikipiki. Azma yangu ilikuwa kuiacha msikitini, nibadilishe nguo, kisha niende kwa miguu kwa Mzee Harub kama mtu na akili zake. Nikiulizwa, nitasema. Nilikuwa naomba Mungu nisiulizwe.

Nilipita Sinaw vizuri. Mbele kidogo nikasimama, na najua ni kosa langu. Nilitaka kujizoeza maneno. Maneno ya posa husemwa na mzee, si na mwenyewe, na kwa kuwa mzee sina, ilibidi nijisemee. Nikavua kofia ya pikipiki, nikasimama mbele ya mgunga mmoja mkavu, nikauamkia.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kwako na haja."

Nikaona sauti haina uzito. Nikarudia kwa nguvu, nikainua na mikono.

Nyuma yangu breki zikalia. Pikapu nyeupe iliyokuwa ikienda Sinaw, upande wa pili kabisa, ilikuwa imekata barabara na kugeuka. Akashuka mzee wa Kibedui, mwembamba, ndevu zina hina, bakora mkononi. Na kijana mmoja mnene, kanzu imepanda juu ya tumbo. Nyuma ya gari alikuwapo beberu mweusi ambaye, kwa sura yake, alikuwa ametoka sokoni bila kupata mnunuzi na lawama zote anawapa wao.

"Kharbana?" mzee akauliza, bakora ikaelekea kwenye pikipiki.

"La, haijaharibika," nikasema kwa Kiarabu changu cha chuoni. "Napumzika tu."

Mzee akamtazama kijana. Kijana akautazama mgunga.

"Wewe unaongea na mti," kijana akaniambia kwa Kiswahili. "Usiogope. Jua imekupiga. Bibi yangu alitoka Pemba, mimi naitwa Aflah. Huyu ami Khalaf, jirani yangu. Tunabeba pikipiki yako."

"Nzima! Haina kitu!"

Nikaiwasha. Nikaivumisha mpaka beberu akapiga kelele. Khalaf akaweka kiganja juu ya tangi, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa huzuni, kisha akasema neno moja kwa Aflah.

"Anasema tumbo," Aflah akatafsiri. "Mnyama akilia hivi, tumbo."

Hasira zikanipanda. Nikairukia, nikaondoka kwa kasi, nikaenda mpaka kwenye kona, nikageuza, nikarudi, nikasimama mbele yao. Nikawatazama. Nani anahitaji ushahidi zaidi ya huo?

"Masikini," Aflah akasema. "Imekataa. Imerudi."

Nikazima injini. Walinipakia. Beberu alisogezwa, pikipiki ikasimamishwa kando yake, ikafungwa kamba na yeye akafungwa kamba, wakabaki wanatazamana. Mimi nikawekwa katikati kwenye kiti cha mbele, nikapewa tende na kahawa ya kwenye chupa. Khalaf hakuuliza naenda wapi mpaka nilipomaliza kunywa. Ndipo akaniuliza habari, kama wanavyouliza Mabedui, kwa utaratibu: habari za safari, habari za watu, habari za nilikotoka. Nikajibu hakuna habari ila njema, kama inavyotakiwa. Akauliza tena. Mara ya pili ndiyo unasema kweli.

Nikasema. Sijui kwa nini. Labda ni ile njia ndefu na mgeni asiyekukatiza. Nikamwambia Aflah kwa Kiswahili, naye akawa anamwambia Khalaf, kwamba naenda kuposa, kwamba ami yangu anaumwa, kwamba sina mtu, kwamba kesho anakuja binamu.

Khalaf akakanyaga breki. Nyuma beberu na pikipiki vikagongana.

"Peke yako?" akauliza.

"Peke yangu."

"Unakwenda kuomba binti wa watu peke yako, kama unaomba moto wa sigara?"

Kisha uso ukamlainika. Akasema jambo, na Aflah akanitafsiria huku akinipiga begani.

"Anasema tangu mwanzo alijua una kitu kimeharibika. Alikuwa hajui ni kitu gani tu."

Akatoa simu. Kutoka pale mpaka Izki hakuiweka chini. Tulipofika kituo cha mafuta cha Izki tulikuta tunangojwa: shemeji yake Khalaf, mwalimu mmoja mstaafu aliyevaa joho la sherehe juu ya kanzu, muuza majani ya mifugo, na watu wawili waliokuja kutia upepo kwenye matairi, wakaambiwa hapa kuna mtu anakwenda posa hana watu, wakaacha upepo nusu. Magari yakapangana nyuma yetu, taa zinawaka mchana.

Nilikasirika, nasema wazi. Nilikuwa nimejipangia kuingia Nizwa kimya kimya, sasa naingia na msafara, na mbele ya msafara, juu kabisa, panaonekana na kila mtu, pikipiki ya kijani. Hakuna mwanamume anayependa kuokolewa mbele ya wakwe zake.

Nizwa tulisali Alasiri msikitini, nikavaa kanzu. Nikamwomba Khalaf aiache pikapu pale msikitini, twende na magari mengine. Akashangaa sana. Mali ya mgeni, mbovu, aiache njiani? Akaenda kuiegesha mlangoni kabisa kwa Mzee Harub, beberu amegeuzia uso wake kwenye madirisha ya wanawake.

Mzee Harub alitoka mwenyewe. Mtu mrefu, miwani, kanzu nyeupe isiyo na kunyanzi hata moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Macho yake yakanivuka, yakaenda kwa Khalaf na bakora yake, kwa mwalimu mwenye joho, kwa watu wa matairi, mpaka kwenye pikapu. Yakakaa huko. "Hawa ndio watu wako?"

Khalaf alikwisha kuingia ndani.

Tukakaa chini kwenye majlisi, tukaandikiwa halwa, tukamiminiwa kahawa. Khalaf akapokea kikombe, akakiweka mbele yake bila kukitia mdomoni. Wengine wote wakaweka vyao. Mzee Harub kaishi Nizwa muda wa kutosha kujua maana yake: mgeni ana haja, na mpaka ajibiwe hanywi kitu katika nyumba hii.

"Tafadhali, semeni," akasema.

Khalaf akasema kwa Kiarabu cha jangwani, kizito, maneno ambayo mimi na mgunga wangu tusingeyafikia kwa mwaka mzima. Alimshukuru Mungu, akamsalia Mtume, akaisifu nyumba na wenyewe. "Tumekuja kumwombea binti yenu kijana wetu huyu, mtoto wetu, tunayemjua..." Akakwama. Akamgeukia Aflah. "Anaitwa nani?"

"Vuai."

"Vuai," Khalaf akasema, kama jina la mtoto aliyemlea.

"Mmemjua tangu lini?" Mzee Harub akauliza.

"Tangu baada ya Adhuhuri."

Alisema bila hata kupepesa. Nikaangalia zulia. Nikajua mambo yamekwisha, na kesho binamu atakula halwa iliyobaki.

Mzee Harub akavua miwani, akaifuta. "Mlangoni kwangu nimeona pikipiki."

"Mbovu," Khalaf akasema.

"Ni ya nani?"

"Ni yake. Lakini wallahi haiendi. Nimeiona kwa macho yangu ikijaribu. Ilikwenda hapo kwenye kona, ikarudi."

"Wallahi," shemeji mtu akasema, "mimi tangu Izki sijamuona juu yake." Mwalimu akaapa. Muuza majani akaapa. Watu wa matairi nao wakaapa, na hao pikipiki yenyewe walikuwa bado hawajaitazama vizuri. Chumba kizima cha waungwana kilikuwa kinakula kiapo cha kweli kabisa kwamba mimi si mpanda pikipiki.

Nilikuwa na kazi moja tu, kunyamaza. Hata kusema uwongo sikuhitaji. Watu walikwisha kusema kwa niaba yangu, tena kwa nia safi, na Mzee Harub alikuwa ananitazama, si wao, mimi. Nilimfikiria Shurooq nyuma ya ukuta ule, amekaa na mama yake, anasikiliza. Nilitaka sana kunyamaza.

"Baba," nikasema kwa Kiswahili, "pikipiki ni nzima. Naiendesha mimi, kila siku. Huyo uliyemsikia ndiye mimi."

Aflah akatafsiri kabla sijamzuia, na zogo likaanza. Wote walinigeuka. Mwalimu akasema kijana anaona haya kuonekana hana chombo. Shemeji akasema huo ni ujana, kila kijana anajisifia. Aflah akamweleza Mzee Harub kwa upole kwamba huyu jua imempiga, walimkuta anauamkia mti.

"Twendeni nje," Mzee Harub akasema.

Tukatoka wote. Watu wa matairi wakaishusha pikipiki. Wanawake wakajaa dirishani, na Shurooq nikamuona, mkono mdomoni. Mzee Harub akaja upande wa kulia, akaushika usukani, kiganja chake kimefunika pale penye vitufe, kama mtu anayeizuia isiangukie wageni.

"Haya, iwashe."

Nikazungusha ufunguo. Nikapitisha kidole chini ya mkono wake, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Mimi, fundi, niliyefufua lifti zilizokwisha kusomewa talakini, nikabonyeza mpaka kidole kikauma, na ile pikipiki iliyonguruma mpaka beberu akalia haikutoa hata kikohozi.

"Tumbo," Khalaf akasema, na watu wote wakaitikia kwa kichwa.

Nilitamani ardhi ipasuke. Kuna fedheha ya kushikwa na uwongo, hiyo watu wameizoea. Ya kushikwa na ukweli haina hata pole yake.

Tukarudi ndani. Vikombe bado vimejaa, kahawa imepoa. Mzee Harub akakaa, safari hii akamgeukia Khalaf peke yake.

"Pikipiki tumeiona. Imebaki moja. Baba yake kafa, ami yake yuko Unguja mgonjwa. Siku akimkosea mwanangu, mie nimtafute nani? Nyinyi mmemjua leo."

Khalaf hakufikiri.

"Leo alituambia hana shida yoyote, na tumembeba," akasema. "Siku akiwa nayo, tutamwachia nani?"

Nilipotafsiriwa maneno yale, ingawa nilikwisha kuyafahamu, machozi yalinitoka. Nilikuwa na miaka kadhaa Ibra, na kila jioni nilikuwa nakula mbele ya simu. Mzee mmoja asiyelijua vizuri jina langu alikuwa ameniwekea dhamana ya maisha yangu yote, kwa sababu tu alinikuta nimesimama.

Mzee Harub akainamisha kichwa kidogo. "Kunyweni kahawa yenu," akasema.

Wakanywa, kahawa ya baridi, wote kwa mara moja. Kilio kikaanza upande wa wanawake, kikageuka vigelegele. Tukasoma Fatiha, na mwalimu mwenye joho akaomba dua ndefu iliyomwingiza Ami Silima na sukari yake.

Jua lilikuwa linaegemea mlima tulipotoka. Pikipiki ikapakiwa tena, hakuna aliyeniuliza. Mzee Harub akanishika mkono, akanivuta pembeni, nyuma ya tangi la maji.

"Ile swichi nyekundu ya kuzimia injini," akasema chini chini, "irejeshe ukifika Ibra. Si hapa."

Nilichelewa kuelewa. Kisha nikakiona kile kiganja juu ya usukani.

"Baba, ni wewe?"

"Mie nilikula yamini siku tuliyomzika ndugu yangu Saud. Ilimuua pikipiki, njia ya Samail, hata masharubu hajaota. Nikasema mbele ya watu wote wa nyumba yangu, sitompa binti yangu mpanda pikipiki. Sasa ingewaka mbele yao, ningefanyaje?" Akakohoa. "Na wewe ungenyamaza mule ndani, ningekunywesha kahawa nikakurudisha ulikotoka."

Nikambusu mkono. Sikuwa na adabu nyingine ya kutosha.

"Uende polepole," akasema. "Na mwanangu usimpakie."

Hapo nikaogopa upya, maana Shurooq alikuwa amekwisha kununua kofia yake ya pikipiki. Nikafungua mdomo kusema, kwa kuwa siku ile nilikuwa nimeshaonja kusema kweli.

"Baba, kuhusu Shurooq..."

"Ishia hapo," Mzee Harub akasema. "Leo inatosha." Akanigeuza kwa mabega, akanielekeza kwenye lango, ambako magari yote yalikuwa yamewashwa na Khalaf amenishikia mlango wa pikapu, anagomba kwamba Magharibi itatukuta njiani. "Nenda. Usiwacheleweshe watu wako."